Titi Kavu la Bibi

Nina miaka sitini na moja, na mwaka jana nilinyonyesha.

Usishtuke. Maziwa sina. Wa mwisho kuninyonya alikuwa mwanangu Delwar, ambaye sasa hivi ana ndevu.

Tunaishi Gazipur, mji wa viwanda vya nguo, chumba kimoja kati ya sita vilivyo kwenye mstari mmoja, jiko la gesi moja la kugombania. Delwar anafanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha kutia nguo rangi. Mkewe Parul anashona kola za mashati kiwanda kingine. Mimi nabaki na mtoto wao, Tuhin.

Tuhin alikuwa na mwaka na miezi kumi. Mchana anakula wali na dengu kama mwanaume. Usiku sasa, balaa. Anaamka mara nne, mara tano, anataka titi la mama yake.

Siku moja Parul akasinzia kwenye cherehani. Sindano ikapita kwenye ukucha.

Msimamizi akamwambia, "Ukisinzia tena, usirudi."

Kazi ile ikipotea, tunarudi kijijini. Na kijijini mto ulishakula shamba, ukala na nyumba.

Nikamwambia Parul, "Mwanangu, niachie mimi. Nimewaachisha kunyonya watano."

Nikasaga majani ya mwarobaini, nikampaka Parul matitini kwa mkono wangu. Tuhin akaonja, akatema, akamtazama mama yake kama mtu aliyepigwa kofi. Nikambeba, nikalala naye chini, nyuma ya pazia linalogawa chumba.

Alilia, jamani. Maji hataki. Wimbo hataki. Nampapasa mgongo, anajinyoosha kama ubao.

Mimi mwenye watano, mbinu zikaniishia.

Nikafungua blauzi.

Akanyonya pale pakavu. Akashusha pumzi. Kimya.

Asubuhi Parul akauliza, "Mama, kumbe alinyamaza?"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Badala yake nikasema, "Unaona? Tatizo ni wewe. Unamdekeza."

Habari ikafika jikoni. Kohinur wa chumba cha pili, mdomo umejaa tambuu, akaniuliza, "Mama Delwar, umetumia dawa gani?"

"Mwarobaini na moyo mgumu. Hawa wasichana wa siku hizi moyo hawana."

Kohinur akamgeukia Parul. "Kumbe mtoto ni wewe, siyo Tuhin!"

Wakacheka. Parul akakoroga dengu zake. Matiti yalikuwa yamejaa, yanamuuma, blauzi imelowa mbele. Niliona. Nikageukia sufuria yangu.

Ikawa hivyo siku sita. Usiku nafungua blauzi, asubuhi najisifu. Tuhin akaanza hata kumkataa mama yake. Parul akinyoosha mikono, mtoto ananikimbilia mimi.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Siku ya saba ilikuwa Ijumaa, viwanda vimefungwa, foleni ya jiko imejaa. Nimechuchumaa nakata vitunguu. Tuhin akatoka usingizini, akaja moja kwa moja. Akavuta upindo wa sari yangu, akapandisha blauzi.

"Nyonyo!"

Akajibandika. Mbele ya wanawake saba.

Kohinur akatema tambuu. "Hee! Mama Delwar! Huo ndio mwarobaini wako?"

Mwingine akadakia, "Bibi, yanatoka maziwa au chai?"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilitamani niwe kitunguu kimojawapo pale, nikatwe niishe.

Parul akasogea. Nikajua sasa ananivua nguo kwa maneno, na haki anayo.

Akavuta sari, akanifunika kifua. Akambeba Tuhin.

"Dada Kohinur," akasema, "wali wako unaungua."

Tulipoingia ndani sikuweza kumtazama. "Mwanangu, nilikudanganya."

"Najua, Mama. Tangu usiku wa kwanza. Pazia siyo ukuta, nilimsikia anavyonyonya."

"Na ukawaacha wakucheke?"

"Nilikuwa nalala, Mama. Karibu miaka miwili sijalala. Na nikisema, watakucheka wewe." Akajaribu kutabasamu, machozi yakamtangulia. "Ila uliposema tatizo ni mimi, na huku unajua... hilo liliniuma kuliko maziwa."

Nikamfuta machozi kwa upindo wa sari yangu.

Usiku ule hatukusaga mwarobaini. Tulimlaza Tuhin katikati yetu. Akiamka, Parul anamkumbatia, anamwambia nyonyo imelala, mimi nampa maji kwa kikombe. Alilia usiku wa siku tatu. Parul akichoka napokea mimi, blauzi imefungwa kwa pini. Usiku wa nne alishtuka, akashika sikio la mama yake, akalala.

Kesho yake nikaenda jikoni foleni ikiwa imejaa. Nikasema kwa sauti, "Aliyemwachisha ni Parul. Mimi nilishindwa usiku wa kwanza, nikadanganya."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Parul bado anashona. Mimi, kila nikipita chini ya mwarobaini, uso unanichoma.

Bibi mwenzangu, mtoto akilia ukashindwa, sema umeshindwa. Ni neno moja tu, haliui mtu. Mimi nililimeza, nikamwacha Parul, mtoto wa mwenzangu, abebe aibu yangu siku saba, na yeye ndiye aliyenifunika.