Ukanda wa Mwende

Mwanangu, nakumbuka wiki ile kipindupindu kilipoingia kwetu Ikutha. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nangoja barua ya kazi, na swali moja lilininyima usingizi: mwanamume akionekana anachota maji ya wagonjwa, watu watasema nini?

Baba na mama walikuwa wamelala kitandani kwa ugonjwa huo. Zahanati ilijaa, tukaambiwa tuwanyweshe maji ya chumvi na sukari nyumbani. Aliyeitwa kuwauguza ni dada yangu Mwende. Mimi nilikuwa papo hapo na vitabu vyangu, na hakuna aliyeniita. Yeye alitolewa Mtito Andei, alikokuwa akishona maturubai ya malori, mwanamke peke yake kwenye karakana ile. Alipenda cherehani yake kama mwanawe.

Tajiri wake akatuma neno kupitia dereva wa lori: Jumatatu asipofika, nafasi itakuwa na mtu.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilimtazama akitoka mtoni, mtungi mgongoni, ukanda wa ngozi umemkaza kwenye paji la uso, nami nikafikiri. Jumatatu nilifikiri. Jumanne pia. Alhamisi nikasimama, nikautwaa ule ukanda.

“Hiyo si tai, msomi,” akasema.

“Nionyeshe unavyovaliwa, halafu uende kazini.”

Mama akainua kichwa mkekani. “Na mimi nitaogeshwa na mwanamume?”

“Utaogeshwa na mwanao,” nikamjibu.

Mtoni akina mama walicheka. “Huyu naye ameolewa lini?” Nikachota.

Jioni Mwende akarudi kutoka Mtito Andei, akashuka kwenye lori. Akakaa kizingitini, akafungua viatu vyake vya kazi.

“Kuna kijana kwenye cherehani,” akasema. “Anashona vibaya.”

Hakunilaumu. Laiti angenilaumu. Wazazi walipona, lakini yeye hakushona turubai tena. Sasa hayupo tena duniani, na kila nionapo lori lililofunikwa vizuri, natafuta mshono wake.

Basi, mwanangu, maradhi yakiingia nyumbani, usingoje kuitwa, wala usimwachie dada yako kwa kuwa ndivyo ilivyozoeleka. Uliza mapema kazi yake inamngoja mpaka lini. Mimi ukanda ule sikuurudisha. Niliubeba mpaka wazee wakasimama, na leo umetundikwa hapa mlangoni. Mungu akujalie mikono inayotangulia mawazo yako, na dada zako wakukute umeshatoka mtoni.