Salfa ya Jirani

Kwenye kliniki moja ya Ruangwa, nilimsikia muuguzi akiwafundisha wagonjwa wenye maradhi sugu ya mapafu namna ya kukwepa hewa chafu. Habari za moshi wa kuni waliziitikia. Kisha akafika kwenye vumbi la salfa, dawa ya ukungu tunayopulizia mikorosho: jirani akianza kupuliza, ingieni ndani, fungeni madirisha.

Mzee mmoja wa Likunja, kifua kikimlia filimbi, akanyoosha kidole.

"Mwanangu, salfa ya jirani upepo unaileta kwangu. Nikijifungia, nitajuaje kama imefika kwenye mikorosho yangu?"

"Kwa hiyo unasimama shambani, babu?"

"Nasimama. Nikikohoa, najua imefika."

Watu wakacheka. Muuguzi hakucheka. "Babu, mkorosho una majani mengi. Wewe una mapafu mawili tu, nayo yamechoka."

Mzee akatafakari, akamgeukia mkewe. "Basi utasimama wewe."

Bibi akakaza kanga yake taratibu. "Na mimi ninayo mawili. Vumbi likitulia tutakwenda wote, tukayatazame majani."

Simlaumu mzee. Cha bure wengi wetu hukipokea bila kuuliza kinapitia wapi.