Kikwembe Nilichomfunga Daktari

Ilikuwa mwaka 2019, katika mvua za Machi, nami nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja: mjane wa miaka sita, mwenye diploma ya Serikali, cheti cha kumaliza sekondari, niliyoipata miezi minane tu kabla. Nakumbuka, mwanangu, jinsi diploma ile ilivyonivimbisha kichwa. Hapa mjini Baraka nilikuwa katibu wa kamati ya akina mama wa zahanati, na barua zote za kamati ziliandikwa kwa mkono wangu.

Tarehe 12 Machi tulimpokea daktari mwanamke kutoka Pakistani, Daktari Nadia. Alivaa suruali pana na kanzu fupi, nywele wazi. Mimi nilikuwa nimekwisha kujichorea mwanamke wa Pakistani: amefunikwa na mumewe, haruhusiwi kusema, nami nilimhurumia mbele ya kila mtu. Kwa kuwa huyu hakufanana na picha yangu, niliamua kwamba amewatoroka watu wake. Kama tufanyavyo kwa mwanamke aingiaye matangani na suruali, nilichukua kikwembe, kipande cha kitenge, nikamfunga kiunoni mbele ya wagonjwa. Alitabasamu kwa haya. Kesho yake nilimwandikia mkuu wa zahanati barua ya kamati: huyu hana heshima, tuletewe Mpakistani wa kweli. Naye akamzuia daktari kuwapokea akina mama mpaka kamati ikae.

Majuma matatu, wajawazito wa kijiji cha Lweba walikuja kwa pikipiki, wakarudi bila kupimwa.

Kamati ilipokaa, Mama Zuhura wa Lweba, mwenye mimba ya miezi saba, alinigeukia.

“Mama Katibu, mi niko najifunika. Unazani bwana njo ananilazimisha?”

“Hapana. Wewe nakujua.”

“Basi huyu haumujui. Mwenye kujifunika, unamuhurumia. Mwenye kuacha, unamufukuza. Sasa avae nini, majani?”

Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Daktari Nadia akasema polepole, kwa Kiswahili cha kujifunza: “Mama yangu anavaa nikabu, amechagua. Dada yangu, kitambaa. Mimi, hivi. Kwetu wako wanaolazimishwa, ndiyo. Lakini mimi, mtu aliyenivika kwa nguvu ni wewe tu, Mama.”

Nikafungua daftari la kamati, nikachukua kalamu.

Mwanangu, usimhurumie mtu kabla hujamsikiliza. Huruma ya namna hiyo ni dharau iliyovaa vizuri. Nguo ya mwanamke haikuelezi nani aliichagua. Muulize mwenyewe, kisha umsadiki. Na kama umesoma, ogopa zaidi, kwa maana kosa lako litaandikwa vizuri na watu wataliamini. Mungu akujalie subira ya kuuliza, na akupe uso wa kuomba radhi hadharani.

Barua ya kufuta ile ya kwanza niliiandika mwenyewe, nikaisoma mbele ya kamati nikiwa nimesimama. Mkuu wa zahanati aliipiga muhuri Ijumaa, tarehe 5 Aprili 2019, saa tano asubuhi, na Mama Zuhura akaingia wa kwanza kupimwa.