Mdimu Uliooshwa Mizizi

Pale Mapinga, ambako viwanja vinauzwa kama maandazi ya asubuhi, Bimdogo ndiye anayeitwa kuhamisha miti. Ana mdomo mkali, jamani! Akikukuta unang'oa mche kwa kuvuta shina, utajuta. Lakini mti ukipita mikononi mwake unashika, na hana mwenzake ukanda wote huu.

Siku aliyoitwa kwa Shufaa alikuta mambo yameshaharibika. Shufaa na mumewe, Twalib, walikuwa wameuza kiwanja na wanahamia Fukayosi. Walitaka kuondoka na mdimu mmoja mchanga, uliomfika Shufaa kifuani. Waliupanda pale walipozika kitovu cha binti yao Sabiha, ambaye homa ilimchukua kabla hajajua kutembea. Picha yake hawakuwa nayo hata moja. Walikuwa na mdimu huo basi.

Twalib hakusubiri. Aliuchimba mwenyewe, akaukung'uta udongo wote, kisha akaiosha mizizi kwa maji ya ndoo mpaka ikang'aa.

"Shikamoo bibi," Twalib akamwamkia Bimdogo alipofika.

"Marahaba. Hebu niambie, umeosha mti au umeosha maiti?"

Shufaa akaangua kilio. Bimdogo akatamani aumeze ulimi wake.

"Udongo tumeshauuza pamoja na kiwanja," Twalib akajitetea kinyonge. "Ni haki ya mtu, bibi. Nitaondoka nao vipi bila idhini yake?"

Utamgombezaje mtu aliyekosea kwa kuogopa dhuluma? "Ungempigia simu ukamwomba, mwanangu," Bimdogo akasema taratibu. Alipopigiwa, mnunuzi alicheka, akasema wachukue hata gunia zima.

Bimdogo akaupasua mzizi mmoja kwa kisu, akawaonyesha. Mizizi minene, akasema, kazi yake ni kuushikilia mti na kuweka akiba. Ndani yake mna vijia: vingine vinapandisha maji hadi majani, vingine vinashusha chakula ambacho majani yamekipika. Wanywaji hasa ni vinyweleo vidogo vya nchani, na hivyo ndivyo vilivyokatika pamoja na udongo.

Akakoroga tope la udongo ule ule, akaichovya mizizi, akaifunga kwa gunia bichi. Kisha akaanza kukata matawi.

"Bibi, unaumaliza!" Shufaa akapiga kelele.

"Majani yanatoa jasho, mwanangu. Wanywaji wamebaki wachache, tupunguze wanaotumia maji."

Huko Fukayosi waliupanda, wakaujengea kivuli cha makuti. Bimdogo alikuja kila mara kwa bodaboda, jembe mapajani, kuutazama. Hakuna aliyemlazimisha. Alipiga marufuku mtu kuugusa, maana ukiutikisa unavikata vinyweleo vichanga. Majani machache yaliyobaki yakapukutika yote. Shufaa akawa hali chakula, na Twalib akawa hathubutu kumtazama mkewe usoni.

Mvua za vuli zilipotulia, Bimdogo akaja akayaondoa makuti. "Shika shina. Vuta polepole, tuone kama mizizi imeshika."

"Siwezi, bibi."

"Vuta, nimekwambia!"

Shufaa akafumba macho, akavuta. Mdimu haukusogea. Akavuta tena, kwa nguvu kidogo, na udongo ukakataa kuuachia. Juu hapakuwa na jani hata moja bado.

"Baba Sabiha!" akaita, jina ambalo hakuwa amelitamka tangu msiba. "Baba Sabiha, njoo! Njoo ujaribu mwenyewe, haung'oki!"