Daktari Aliyeuliza Jumapili Mnakula Nini

Habari ilinikuta sokoni Tulia, nikiwa kwenye foleni ya kusaga mahindi. Yule daktari wa mifugo aliyekuwa akizunguka Matinyani kwa pikipiki amefariki, tena kwa ugonjwa wa ini. Aliyeniambia akaongeza kwamba marehemu hakuwahi kuonja pombe. Nilitoka kwenye foleni na mahindi yangu bila kusaga. Ninyi mnaonisoma kila wiki mnajua sipendi kukiri makosa, lakini hili limenikaba na sioni pa kutokea.

Mama yangu ana kijibwa, kidogo kiasi kwamba hata paka wa jirani humdharau. Kila Jumapili akina mama wa kanisa walikuja kwake kwa ushirika, na kila Jumapili, nyimbo zikikolea, mbwa alianza kuyumba, kuzunguka na kuegemeza kichwa ukutani. Wakamwombea. Kufikia Jumanne akawa mzima. Baada ya miezi miwili wakakata shauri kwamba ana pepo asiyestahimili maombi: ama mbwa auawe, ama ushirika uhamie kwingine. Mama alibanwa katikati. Tangu baba afariki, hao ndio waliokuwa watu wake, na huyo mbwa ndiye aliyekuwa akilala mlangoni pake. Nikamwita daktari. Hakucheka, ingawa mimi nilikuwa nimeshacheka. Aliketi jikoni, akamwita mama kwa Kikamba na kuuliza, “Mwaitu, Jumapili huwa mnakula nini?”

“Mbuzi. Wageni watakula nini ingine?”

“Na huyu?”

“Namwekea maini. Si yanaongeza damu?”

“Basi Jumatano mpatie maini hayo hayo, lakini msiimbe. Jumapili imbeni, lakini msimpatie.”

“Daktari, unataka nimjaribu Mungu?”

“Hapana, mama. Tunajaribu nyama.”

Jumatano mbwa aliyumba bila hata wimbo mmoja. Jumapili alisikiliza nyimbo zote, kisha akalala. Daktari alimtoa damu akaipeleka Nairobi, halafu nasi tukampeleka mbwa huko apigwe picha. Alikuwa amezaliwa na mshipa mbaya: damu inayotoka tumboni, ambayo ilipaswa kusafishwa na ini, ililikwepa, na sumu ya nyama ikapanda hadi kichwani. Yale maini ya upendo ndiyo yaliyokuwa yakimwangusha. Mshipa wenyewe ulijificha ndani kabisa ya ini, na madaktari wa huko wakaogopa kumpasua. Zikabaki dawa ya maji ya kulainisha tumbo, vidonge, na wali kwa yai kidogo kidogo. “Hatapona,” daktari alimwambia mama, “lakini ataishi.” Anaishi hadi leo. Jumapili hufungiwa stoo ili asifikie mifupa, analia humo, na mama hukaa karibu na mlango huo akila bila hamu. Ushirika haukuhama. Hakuna aliyeomba radhi, na mbwa hajali.

Sasa niseme lililonitoa kwenye foleni. Miezi michache iliyopita nilimwona daktari huyo katika soko la Kwa Vonza, saa sita mchana, ameshika ukuta wa duka. Amekonda, macho ya manjano, anayumba. Mwenye duka akaguna, “Daktari ashalewa tena.” Nikaamini papo hapo. Aliniona, akainua mkono. Nikaweka simu sikioni, simu ambayo haikuwa imelia, nikavuka barabara. Nilimwonea haya, na leo ninajionea haya mimi.

Tuna haraka ya kuyapa majina mateso ya wengine: huyu pepo, yule pombe. Jina likishatolewa, mtu hufungiwa ndani yake kama mbwa stoo, na sisi tunaendelea kula. Somo ni dogo, nami nimelipata kwa kuchelewa: kabla hujasema mtu ana nini, muulize. Mbwa wa mama aliulizwa, akaishi. Aliyeuliza swali hilo hakuulizwa na yeyote, hata nami niliyelisikia jikoni kwetu kwa masikio yangu.