Mama Yake Mwami Alinijia Katindo

Cheka ukitaka, sitabishana na wewe. Nilimwona kwa macho yangu mwenyewe, mchana, nyumbani kwangu hapa Katindo, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe ya kasiksi.

Kazi yangu ni kuwaandikia watoto vitabu vidogo. Namchukua mtu maarufu wa zamani, kisha najifanya ni yeye akiwa mtoto, anaandika habari zake za kila siku. Safari ile nilikuwa na mwami mmoja, mfalme wa kale wa upande wa Kibumba, na nilimlaza njaa ukurasa mzima. Watoto hupenda kuwaonea huruma wakubwa, au siyo?

Mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuwa najisomea ukurasa ule kwa sauti huku nikichambua maharage, mara mama mmoja akaingia bila hodi, amejifunga ngozi ya ng'ombe. Akaketi, akaninyang'anya ungo, akaendelea kuchambua yeye.

"Ni wewe unasema mutoto wangu alikuwa analala njaa?"

Niamini, nilimjua palepale.

"Mama, si ilikuwa miaka ya ukame?"

"Hakulalaka njaa hata siku moja! Kila magaribi nilikuwa namupa chakula, namuambia, 'Kula, mimi nimeshakula.'"

"Na kweli ulikuwa umekula?"

Vidole vyake vikasimama. Akasema polepole, "Yeye hajuwe. Na wewe usimuambie."

Kisha akanitazama usoni, kama mama yangu anavyonitazama nikikonda. "Na wewe, leo umekula?"

Niliinama kwa aibu. Nilipoinua macho hakuwepo. Kiti kilikuwa kikavu kabisa, ingawa alitoka mvuani, na maharage yote yalikuwa yamechambuliwa. Sikuogopa tena. Nilimpenda, nikalia.

Ukurasa ule niliufuta. Sasa mwami mdogo anaandika: "Leo tena mama alikula kabla yangu. Nimemaliza chungu chote." Watoto wakifika hapo wanamcheka, wanamwita mlafi. Lakini mama zao, wakiwasomea kwa sauti, hunyamaza kidogo.

Kwa hiyo nakuonya wewe utakayemsomea mtoto kitabu kile. Akikuuliza kwa nini umenyamaza, usimweleze. Geuza ukurasa, endelea. Yule mama anasikiliza, na mwanawe bado hajajua.