Siku Nyumba Yetu Ilipopambwa Umaskini

Pamba ikikaa ndani muda mrefu hutoa harufu ambayo mtu aliyeizoea kwenye shati tu hawezi kuidhania. Huanza kama vumbi lenye joto, kisha mbegu zikishavuta unyevu hugeuka uvundo wa mafuta yaliyochacha, na juu yake kuna ile sumu ya kuulia wadudu inayokwaruza koo. Msimu ule, nikiwa darasa la tano, pamba yetu ilijaa chumba cha watoto mpaka karibu na paa, nasi tukawa tunalala juu yake. Nyuzi zilituingia puani, zikaelea kwenye uji, na mdogo wangu Masanja akawa anakohoa mchana kutwa. Zamani chama cha msingi cha ushirika cha kijiji chetu, huku ndani kutoka Dutwa, kilinunua pamba mara ikishakauka. Sasa ghala lake lilikuwa na kufuli lenye kutu, na redioni walisema soko ni huria, wanunuzi watakuja wenyewe kushindana. Walikuja kweli, na mizani yao, wakanunua kwa watu waliokaa kando ya barabara kuu, wakaondoka. Baba akabaki kusubiri. Zahanati nayo ilikuwa imeanza kudai mchango kabla ya dawa, kwa hiyo hata kikohozi cha Masanja ilibidi kisubiri pamba iuzwe.

Katika hali hiyo ndipo mtendaji wa kijiji alipokuja, mkono wake ukiwa umenyooshwa tangu mlangoni, akitabasamu kama mtu aliyeleta posa. Alisema wageni wakubwa wanakuja kutoka wilayani na Dar es Salaam kuangalia hali ya umaskini vijijini, ili serikali ipange namna ya kuupunguza. Nyumba yetu imechaguliwa. Baba aliuliza kwa nini sisi, wakati wapo wenye shida kutuzidi. "Baba Nkwimba," mtendaji alimjibu akinitazama mimi, maana Nkwimba ndiyo jina langu, "kwako gari linafika. Huko kwa wengine wageni watachafuka viatu."

Lakini alipoingia ndani hakuridhika. Kitanda cha wazazi kilikuwa kizuri mno. Redio ilikuwepo, na baiskeli imeegemea ukuta. Alituambia vitu hivyo viondoke, kwa sababu wageni wakiona baiskeli watasema hapa hakuna tatizo, na mradi wa kupunguza umaskini utakwenda wilaya jirani ya Maswa. Mama akatakiwa asifunge kanga mpya. Baba akatakiwa, akiulizwa, aseme tunakula mara moja kwa siku. Kisha, akiwa amekwisha kutoka, mtendaji alirudi kuuliza habari za beberu wetu mweupe. Wageni lazima wale, na kwa kuwa sisi ndio wenyeji wao, ilikuwa heshima kwetu kumtoa. Mama alichukua ufagio akaanza kufagia mahali mtendaji alipokuwa amesimama, naye bado amesimama hapohapo.

Nilipotoka shule siku ya ugeni nilikuta nyumba siitambui. Kitanda kilikuwa kimekwenda kwa baba mdogo, baiskeli na redio kwa mtendaji mwenyewe. Masanja alikuwa amevuliwa shati. Baba alikaa kwenye kigoda na suruali yake ya palizi, mchana wa kupokea wageni, yeye ambaye hata kwenda kununua chumvi alivaa koti. Hakututazama usoni. Magari yalifika yakiwa yamefungwa vioo. Walishuka wanaume wenye kofia mpya na mama mmoja aliyenukia manukato, na alipokaribia chumba cha pamba alitoa leso akaziba pua. Aliuliza tunakula mara ngapi. Baba akajibu, "Mara moja," kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwake. Mpigapicha akamwomba Masanja asogee kwenye mwanga, asimame pembeni, asicheke. Alipokohoa, mpigapicha alisema, "Hapohapo, safi sana."

Kisha mgeni mkuu, mzee mnene mwenye sauti ya upole, aliuliza kama mama wa nyumba ana la kusema. Mama hakuwa na Kiswahili cha kutosha. Alisimama, akasalimia, "Mwadila," kisha akasema kwa Kisukuma, taratibu na kwa adabu, kwamba umaskini wanaoutafuta umo kwenye kile chumba ambacho mwenzao ameziba pua. Kama wana uwezo, walete mnunuzi, mtoto apelekwe zahanati. Tena wamrudishie kitanda chake, maana hakuolewa alale chini ili watu wapate picha.

Mtendaji alikohoa kidogo, akatafsiri: "Mama anawashukuru sana kwa ujio wenu. Anasema anausubiri mradi kwa hamu."

Wageni wakapiga makofi. Makofi hayo yalipokuwa yanaendelea, baba aliinuka.

"Hakusema hivyo," alisema kwa Kiswahili. "Amesema pamba inaoza na mtoto anaumwa. Tena mimi nimewadanganya. Hapa tunakula mara mbili, michembe ya viazi asubuhi na ugali jioni. Baiskeli yangu iko kwa huyu bwana."

Mgeni mkuu akacheka kwa wema, akamshika baba bega na kusema ukweli wake ni mchango muhimu sana. Halafu akauliza kama chakula kiko tayari. Walikwenda kumla beberu wetu shuleni, ndani ya darasa letu, madawati yakiwa yamefunikwa vitambaa. Sisi wanafunzi tuliwekwa mbali na madirisha. Walipoondoka tuliona pilau ikimwagwa nyuma ya choo, kwa sababu walikuwa wameacha nyingi na mtendaji hakutaka tuigombanie mbele za watu.

Mradi ulikwenda kwingine. Mnunuzi alipokuja, aliichambua pamba yetu kwa vidole viwili, akaiita fifi, pamba ya daraja la chini, kwa kuwa ilikuwa imevunda, na baba akakubali bei yake hapohapo. Masanja alitibiwa. Alipona, ila mpaka utu uzima hapandi kilima bila kusimama. Baiskeli ilirudi bila dinamo.

Leo mimi ni mwalimu, na Bariadi, mji wa wilaya yetu, sasa ni makao makuu ya mkoa, ina lami na kumbi za semina. Siwezi kusema hakuna kilichobadilika: nyumba nyingi za kijijini kwetu zina bati, na kisima cha pampu kipo. Hata maneno yamebadilika, hatuitwi tena maskini, tunaitwa walengwa. Lakini mwezi uliopita wageni walitarajiwa tena, na siku chache kabla yake greda lilikuja kuchonga barabara yetu, ile inayokwenda zahanati na ambayo kila masika akina mama wajawazito huipita wakiwa wamebebwa. Watoto wangu wa darasa walikimbia kulishangilia. Lilichonga vizuri, likafika kwenye nyumba iliyoandaliwa kwa wageni, zahanati ikiwa bado mbele, na hapo dereva akageuza.